Shimo Upande wa Kibla

Ilianza Jumanne, saa tatu na robo asubuhi. Saa naijua kwa sababu bwana miti alikuwa na saa ya mkononi, na baba alimwuliza wakati kwa kukosa la kumwambia. Mimi nilikuwa nyuma ya banda la kuku na beseni la nguo, nimejibanza. Nilikuwa nimerudi likizo kutoka shule ya bweni, na tangu utoto wangu mgeni akipiga hodi mimi hukimbilia nyuma. Bibi, mama yake baba, husema shule imenifundisha Kiingereza ikanisahaulisha kuitika.

Bwana miti alivaa kaptura ya kaki na soksi ndefu, na begani alibeba nyundo. Si nyundo ya misumari. Hii ni kubwa, kichwani imechongwa herufi, na ukiipiga kwenye mti herufi zinabaki. Nyuma yake alikuwa msimamizi wa tajiri wa mbao, mtu wa Mabawa, mjini Tanga, mwenye kofia ya sola na kikohozi. Tajiri mwenyewe sikumwona hata siku moja. Baba alikuwa fundi wao wa kuangusha miti. Watu wake wa shoka na msumeno walikuwa wakimfuata kila mahali, kuanzia milimani hadi karibu na Ushongo.

Mti waliokuja kuutia alama haukuhitaji kutafutwa. Mvule wetu ulionekana hata ukiwa bado njia kuu ya Maramba. Shina lake, watu wanne waliposhikana mikono kulizunguka, mikono ya mwisho haikukutana. Bwana miti alileta utepe wa kupimia ukaisha kabla hajarudi alikoanzia, akaomba kamba ya mbuzi.

Kisha akamenya gome kwa panga, mahali pawili: kifuani pa mtu, na chini karibu na mizizi. Utomvu mweupe ukachuruzika. Akamweleza baba, kama vile baba hajui, kwamba alama ya juu huondoka na gogo, na ya chini hubaki kwenye kisiki, ili siku mtu wa serikali akikuta kimoja aulizie cha pili. Akapiga. Nilitazamia kishindo, lakini ilikuwa sauti ndogo, kama kofi mgongoni mwa ng'ombe. Akapiga tena chini. Basi. Mti ule uliokuwapo kabla babu wa bibi hajazaliwa ukawa umekwisha kuandikiwa kufa, na kuku waliendelea kuparua.

Wala hakuna aliyebisha. Mvule ni mti wa serikali hata ukiota mlangoni pako, kila mtu analijua hilo. Jumbe alikuwa amekwisha kuarifiwa na leseni imelipiwa mjini. Shida haikuwa mti. Shida ni kwamba kusini ya mti ule ndipo tunapozika watu wetu, na kaburi lililo karibu kabisa na shina lilikuwa la mama.

Mama alikufa kwa homa mwaka juzi yake, mwezi wa Shaabani. Walimzika pale kwa sababu upande mwingine palikuwa pamejaa, na kwa sababu bibi alisema apewe kivuli. Jambo hilo lilishangaza watu, maana bibi na mama walipokuwa wakiishi nyumba moja hawakupitisha wiki bila kununiana. Chumvi, kuni, jinsi ya kukunja mkeka, lolote. Lakini mama alipokwisha kufa bibi akawa ndiye mlinzi wake. "Mkaza mwanangu," alikuwa akimwita, na sauti inalegea. Alipokuwa hai alimwita "huyu."

Bwana miti na msimamizi walipoondoka, bibi alimwita baba uani. Mimi nikaendelea kufua shuka moja lile lile.

Bibi alimwuliza kama ulimi wake umeliwa na panya. Baba akasema angekataa yeye wangekuja wengine. Bibi akasema basi wangekuja hao wengine, laana iwe yao. Baba akaokota kijiti, akakivunjavunja.

"Mama," akasema, "nisipoukata mimi ataukata mtu asiyejua nani amelala pale. Ataangusha anapopenda. Nikiukata mimi, nitaulaza pembeni."

"Utaulaza. Mti ni mtoto?"

"Nitaulaza."

Hapo ndipo nilipojua tunachokitafuta siku zile zote. Mti umekwenda, hilo limepita. Tulichotaka ni kaburi la mama lisiguswe. Usiku na mchana sikuwaza kingine, hata nikasahau kwamba mtihani wangu wa hesabu ulikuwa mbaya na barua ya shule ingekuja.

Siku ya kukata, watu wa baba walifika asubuhi na mashoka na msumeno mrefu wa kuvutwa na watu wawili. Wakajenga jukwaa la miti kuzunguka shina ili wakate juu ya ile mizizi iliyotuna. Wakati wanafunga kamba za jukwaa, bibi akatoka na mkeka wake na ungo wa kunde, akaenda akakaa kando ya kaburi la mama, akaanza kupepeta.

Mmoja wa wakataji, mnene na mcheshi, akamwambia baba kwa chini, lakini nilisikia, "Mgosi, mti huu una mlinzi mkali kuliko bwana miti."

Baba akamwendea bibi. Alikuwa na vigingi vifupi vya mti na kamba. Akapigilia kigingi kimoja shinani na kingine mbali kabisa, mashariki, akafunga kamba katikati, ikapita juu ya nyasi. Upande wa kushoto wa kamba palikuwa na ukingo wa mawe. Upande wa kulia, kusini, makaburi.

"Utaangukia hapa, mama. Kati ya kamba na mawe."

"Na ukikataa?"

"Haukatai."

"Baba yako naye alisema yule ng'ombe hapigi teke. Mguu wake uliuona."

Watu wakacheka, na baba pia akacheka kidogo, lakini mikono yake ilikuwa inatafuta pa kukaa. Bibi akatazama kamba, akatazama kaburi, akatazama juu mpaka kitambaa cha kichwa kikadondoka. Mwishowe akasimama, akachukua ungo. Mkeka akauacha pale, akaukunjua vizuri juu ya kaburi kana kwamba mkeka utazuia mvule.

Sitaki kuandika sana habari za ule ukataji. Ulichukua siku hiyo na sehemu ya siku ya pili. Walichonga pengo kubwa upande wa mashariki, mtu angeweza kulala ndani yake. Vipande vilivyoruka vilikuwa vya rangi ya manjano, na kesho yake vikawa kahawia. Halafu wakahamia nyuma na msumeno, na baba akawa anapigilia kabari za chuma nyuma ya msumeno ili mti usiukalie na kuubana. Alikuwa akipiga kabari moja, anashuka, anakwenda mpaka kwenye kamba, anatazama juu, anarudi, anapiga nyingine. Shati lilimganda.

Mti ulipoanza kulia watu wote walikimbia, isipokuwa baba, aliyekwenda kinyumenyume bila kuondoa macho. Mimi nilikuwa na bibi kwenye ukuta wa jiko. Bibi alinishika mkono akaubana hata leo alama ya kucha ipo. Mti ukainama polepole, nikaona kama hautaki, halafu ghafla ukaanguka, na ardhi ikaturusha. Vumbi lilitufunika. Hondohondo walioishi juu yake wakawa wanazunguka pale pale hewani palipokuwa na mti, wakipiga kelele, na walizunguka hivyo siku kadhaa.

Vumbi lilipotulia tukaona. Gogo lilikuwa limelala kati ya kamba na mawe, limenyooka kama lililopimwa. Tawi moja tu lilivunjika likafika makaburini, na majani yake yakagusa ncha ya mkeka. Kaburi la mama lilikuwa zima.

Baba alikaa chini. Watu walikuja kumpiga mabega, mgosi huyu, mgosi yule, akawa anaitikia kwa kichwa. Bibi alikwenda akauchukua mkeka wake, akaukung'uta, akasema, "Haya," akaenda zake kupika. Kwa bibi hiyo ni sifa kubwa. Mimi nilicheka peke yangu nyuma ya banda la kuku mpaka machozi yakatoka.

Kitu kimoja tu kilinisumbua. Makaburi yetu hayakuwahi kupigwa na jua. Sasa jua lilikuwa linayachoma yote, na yalionekana madogo, kama matuta ya viazi.

Tulidhani imekwisha. Maneno waliyokuwa wamemwambia baba ni kwamba gogo likatwe vipande vitatu na trekta livute vipande hivyo mpaka kiwandani. Trekta lilikuja kweli, limepitia Maramba, likatimua vumbi barabara nzima. Vipande viwili vya juu vilikwenda. Kile cha shinani, kilicho kinene kuliko vyote na chenye mbao nzuri kuliko zote, hakikusogea. Walikifunga mnyororo, trekta likanyanyua magurudumu ya mbele kama mbuzi anayetaka kupanda ukuta. Mara ya tatu mnyororo ulikatika, ukamchapa utingo wa trekta mguuni, mfupa ukatoka nje. Wakamchukua kwa kitanda cha kamba. Alikuwa kijana wa pwani, na njia nzima alikuwa akimwita mama yake. Sikujua kwamba mwanamume mzima huita hivyo.

Baada ya hapo msimamizi alisema gogo litapasuliwa pale pale lilipolala.

Kwa asiyejua kazi hii: gogo likiwa kubwa hivyo huchimbwa shimo refu, kina chake mtu asimame humo na kichwa kisionekane. Juu ya shimo hupangwa miti, gogo likabiringishwa kwa mitaimbo mpaka likakaa juu yake. Mpasuaji mmoja husimama juu ya gogo, mwingine shimoni, na msumeno hupanda na kushuka kati yao tangu asubuhi mpaka jioni. Yule wa chini ndiye anayekula unga wote wa mbao. Wapasuaji walioletwa walikuwa watu wa milimani, Wakristo, wawili, mmoja mzee na mwingine kijana kidogo, wapole wote.

Gogo lilikuwa limelala, kaskazini yake ukingo wa mawe, kusini yake makaburi. Shimo lingechimbwa wapi? Msimamizi akatazama mawe, akatema, akageukia huku kwenye udongo mlaini. Akaanzia kwenye tuta la kaburi la mama, akapiga hatua za kutosha kuelekea kwenye gogo, akachora mstari kwa kisigino. Akasema hapa tumeliacha kaburi mbali, hakuna ubaya, chimbeni.

Mimi nilikuwa nimeleta ndoo ya maji. Nilipouona mstari ule moyo wangu ulitulia kabisa, nasema ukweli. Kati ya tuta na mstari paliweza kupita mtu na mzigo kichwani. Nikashangaa kumwona baba amesimama katikati ya nafasi ile, hasogei.

Msimamizi akamwambia apishe. Baba akasema shimo lichimbwe upande wa mawe. Msimamizi akakohoa, akasema mawe yale yatachukua siku ngapi, na mvua ziko karibu, na tajiri anauliza kila siku. Akaonyesha kidole. Kaburi lile, shimo hili. Sasa fundi shida yako nini?

Baba akanitazama. Hakutaka kusema mbele yangu, naelewa sasa. Akatazama chini, akasugua udongo kwa kidole cha mguu. Wapasuaji walikuwa wameegemea majembe wakimngoja.

"Mke wangu hakulala chini ya tuta lile," akasema. "Amelala upande huu."

Msimamizi hakuelewa, wala wapasuaji, wala mimi. Ikabidi baba aeleze, kwa sauti ya mtu anayevuliwa nguo hadharani. Alisema sisi tukizika tunachimba kaburi, halafu chini kabisa, ubavuni, upande wa kibla, tunachimba mfuko mwingine kuingia ndani ya udongo. Huo ndio mwanandani. Maiti hulazwa humo, kwa ubavu wa kulia, uso kibla. Mdomo wa mwanandani hufungwa kwa vibao, na udongo hurudishwa katika lile shimo la kwanza tu. Kwa hiyo tuta unaloliona liko juu ya mahali patupu. Mtu mwenyewe yuko pembeni yake. Na kibla, kwetu sisi, ni kaskazini. Ni huku kwenye gogo.

"Na upande huu hamna kibao," akasema baba. "Vibao viko kule nyuma yake. Huku ni udongo tu, halafu yeye."

Yule mpasuaji mzee alivua kofia.

Mimi niliiweka ndoo chini. Nina miaka kumi na sita, nimesoma habari za milima ya Uswisi na matumbo ya chura, na sikujua jinsi mama yangu alivyolala. Wanawake kwetu hawaendi kuzika. Siku ile nilibaki uani na wengine, nikasikia wanaume wakiondoka na jeneza na sauti zao zikipungua, basi, walirudi wakanawa miguu. Sikuuliza. Unamwuliza nani?

Na nilikuwa na siri ndogo. Kila likizo nilikuwa nakwenda pale kaburini wakati wa adhuhuri watu wamelala, ingawa bibi angenisema. Sikuwa nasema kitu kwa mdomo. Nilikuwa nasimama tu kwenye kivuli, chini ya mvule, nimelitazama tuta. Upande wa kaskazini. Muda wote nilikuwa nimesimama juu yake.

Msimamizi alivua kofia ya sola akajipangusa. Si mtu mbaya, lazima nimwandike hivyo. Alisema angejua angepima vingine, lakini kwingine hakuna, na gogo likikaa pale mvua zikaja litaoza au litaibiwa na yeye atafukuzwa kazi. Akamwuliza baba kama kaburi haliwezi kuhamishwa. Mtu akatumwa kwa mwalimu wa chuo cha Kurani. Mwalimu akaja mwenyewe na fimbo yake, akasikiliza, akasema maiti hafukuliwi kwa ajili ya mbao. Kama shimo litachimbwa, lichimbwe pasipomfikia. Akasoma Fatiha, akaondoka. Hakuna aliyemwuliza ni wapi pasipomfikia. Aliyejua ni baba, maana ndiye aliyeingia kaburini kumpokea.

"Nitachimba mimi," baba akasema.

Msimamizi akasema kuna wachimbaji. Baba akarudia. Wale wachimbe mwanzo na mwisho wa shimo, lakini pale katikati, mkabala wa kaburi, asishuke mtu mwingine na jembe. Akasema kwa utaratibu tu. Msimamizi akasema haya, fundi, mradi litoshe.

Alichimba kutwa nzima. Bibi alikuja akakaa juu ya kisiki, safari hii bila ungo. Kisiki kilikuwa kipana kama baraza na yeye katikati yake alionekana kama mtoto. Hakumtania baba hata neno. Mimi nilikuwa napeleka maji na kurudi, na kila nikirudi kichwa cha baba kilikuwa chini zaidi, mpaka kikapotea, likabaki jembe tu likitokeza na kuzama.

Baada ya alasiri jembe lilinyamaza. Nikaenda ukingoni na kopo la maji, nikachungulia. Baba alikuwa ameligeuza jembe, anagonga ukuta wa shimo kwa mpini, taratibu, kama anavyogonga mti kusikia kama ndani una tundu. Aligonga mwanzoni, sauti nzito. Akasogea, akagonga, nzito. Akasogea tena, akagonga, na sauti ikawa nyingine. Hata mimi nilivyokuwa juu niliisikia. Ilikuwa sauti ya mahali penye uwazi.

Akaweka jembe chini. Akafungua kiganja akakibandika ukutani pale, akakaa hivyo. Kipande cha udongo kama yai kilimeguka chini ya mkono wake kikaanguka. Akakiokota haraka, akakirudisha mahali pake kwa kidole gumba, akakikandamiza, akakishika mpaka kikakubali.

"Baba, maji," nikasema.

"Mwambie bibi yako alete mkeka."

Bibi alileta ule ule aliokuwa ameutandaza siku ya kukata mti. Hakuuliza. Akaurusha mwenyewe. Baba akaubandika kwenye ukuta, akaupigilia vijiti vidogo pembeni, mbali na ile sehemu, halafu akachanganya udongo na maji yangu ya kunywa akaupaka juu ya mkeka wote kwa mikono, kama mtu anayekandika nyumba. Alipaka mpaka mkeka usionekane.

Alipopanda juu alimwambia msimamizi, upande huu ndio mwisho. Wapasuaji wakashuka wakajaribu, wakasema shimo ni jembamba, mtu wa chini hana pa kuweka viwiko. Baba akachukua mtaimbo, akaenda upande wa pili wa shimo, ambako mawe ya ule ukingo yalikuwa yamefika chini ya udongo. Wapasuaji wakatazamana, kisha yule mzee akachukua mtaimbo wa pili akamfuata. Wakavunja mawe mpaka jua likazama na magharibi ikaadhiniwa. Waliupata upana waliohitaji, viganja vya baba vikiwa vimechunika, na ngozi imebaki kwenye chuma. Bibi alimpaka mafuta ya nazi jikoni, akauliza mara moja tu, "Ulimsikia?"

Baba akasema, "Nimemsikia."

Sikulala vizuri. Sikuwa nawaza mizimu, sisi nyumbani hatuna mambo hayo sana. Nilikuwa nawaza habari ndogo. Jioni, wakati wapasuaji wanalijaribu shimo, yule mzee alikuwa anatafuna tumbaku, na alipokuwa chini alitema. Hakukusudia, alitema tu mbele yake, udongoni. Na kesho wangeanza kupasua, unga wa mbao utamjaa kinywani, atatema kutwa, na kesho kutwa, wiki nzima, wiki mbili, kwenye ukuta ulio karibu. Baba alikuwa amefanya yote aliyoweza na hakuliona hili. Au aliliona akachoka. Bibi angekwenda kuwatukana. Nikajua kwamba wa kwenda kuwaomba ni mimi.

Asubuhi niliamka kabla ya chai. Nikajifunga kanga, nikaenda. Gogo lilikuwa limekwisha kubiringishwa juu ya shimo na watu wa baba tangu alfajiri, na wapasuaji walikuwa wamekaa juu yake wananoa msumeno kwa tupa. Njiani nilirudi nyuma mara mbili. Miguu yangu ni ya aibu kama mimi mwenyewe. Nilipofika nikasimama, wakanitazama, nikatazama tupa.

"Shikamoo," nikasema. Nilimwamkia mzee, kisha na yule kijana, mmoja mmoja.

Mzee akaitika marahaba, akauliza baba ameamkaje na mikono yake. Nikasema salama. Halafu yule kijana akaanza kunoa tena.

"Nimekuja kuwaomba," nikasema. "Atakayekuwa chini, asiteme upande wa mama."

Tupa ikasimama. Mzee alishuka kwenye gogo, akaingia shimoni, nikasikia anatembea mle ndani. Akauliza kutoka chini, "Ni hapa penye udongo mbichi?" Nikasema ndiyo, hapo, mpaka kwenye ule mzizi uliotokeza. Kisha akasema yeye tumbaku ataiacha juu, lakini unga wa mvule unawasha koo, mtu hatemi kwa kupenda, unamtoka kabla hajafikiri.

"Basi leo utameza, mgosi," yule kijana akasema, lakini hakucheka.

Nikarudi nyumbani mbio. Nyuma ya jiko palikuwa na debe bovu la mafuta ya taa, lililotoboka ubavuni. Nikalifunga kamba masikioni, nikaliwekea mchanga kidogo chini, nikalipeleka. Nikapiga magoti ukingoni upande wa mawe, nikamshushia mzee mkononi, naye akalining'iniza kwenye jiwe usawa wa kinywa chake. Halafu kijana akapanda juu ya gogo, wakashika msumeno, na mimi nikakaa pale juu, upande wa kaburi, nyuma ya tuta na si mbele yake, mpaka nikamsikia mzee akitema mara ya kwanza, na bati likaitika.